Kando ya kidimbwi: Hatari huanza kwenye sakafu

Zamani, mkazi wa Machakos aliyetaka kuogelea katika maji ya buluu yanayonuka dawa alilazimika kwenda hotelini na kulipa. Wengine wote walijifunzia mtoni, au hawakujifunza kabisa. Mambo yamebadilika. Ukipita Syokimau, Katani na Mlolongo, au ukipanda kuelekea vilima vya Mua na Iveti, utakuta nyumba nyingi mpya ambazo nyuma yake pamechimbwa kidimbwi cha kuogelea. Waliostaafu wanajijengea, walio ng'ambo wanatuma pesa wajengewe, nao wanaokodisha nyumba zao wikendi wamegundua kwamba mgeni kutoka Nairobi huuliza habari za kidimbwi kabla ya kuuliza habari za vitanda.

Hapana ubaya wowote. Kuogelea ni mazoezi mazuri, hasa kwa mtu mnene au mwenye magoti mabovu ambaye kukimbia kumemshinda. Hata hivyo, liko jambo moja linalonikera kila ninapoalikwa kuona kazi ya namna hii. Mwenye nyumba na fundi hujadiliana kwa wiki kadhaa kuhusu urefu wa kidimbwi, kina chake, pampu na rangi ya vigae vya ndani. Pesa zinakaribia kwisha. Ile sakafu ya nje inayokizunguka, yaani baraza ambalo watu watatembea, wataketi, wataota jua na kuchoma nyama, huachwa mwisho kabisa, ifanywe na kibarua yeyote kwa simiti iliyobaki.

Kwa jicho la daktari, hapo ndipo mambo huanzia. Mtu hatelezi akiwa majini, huteleza akiwa nje. Mguu hauchomwi na maji, huchomwa na jiwe lililopigwa jua. Na mtoto wa miaka miwili hawezi kuzama kabla hajaivuka sakafu hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Kweli, katika nchi kama yetu wengi hufia mitoni, ziwani, visimani na kwenye masilanga, wala si katika vidimbwi vya watu wenye uwezo. Lakini mto hatukuuchimba sisi. Kidimbwi cha nyumbani ni maji ambayo mtu ameyaleta mwenyewe mlangoni pake, kwa ramani na kwa gharama yake, na kwa hiyo ana uwezo wa kuamua ni nani atakayeyafikia na kwa njia gani.

Udongo kwanza

Msomaji atashangaa daktari kuzungumzia udongo. Nauzungumzia kwa sababu sakafu iliyopasuka na kuinuka upande mmoja ndiyo huvunja watu vifundo vya mikono. Mtu akijikwaa hunyoosha mkono ili ajizuie, na mfupa wa karibu na kiganja hukatika. Kwa mzee ambaye mifupa yake imepungua nguvu, kuanguka huko huko kunaweza kuvunja nyonga, na nyonga iliyovunjika kwa mtu wa miaka 70 si jambo la kupaka dawa ya kuchua. Wengine hawatembei tena bila mkongojo.

Kaunti yetu ina udongo wa aina nyingi. Tambarare za Athi River, Syokimau na Mlolongo zina ule udongo mweusi unaonata viatu wakati wa mvua. Udongo huu hufura ukinywa maji na husinyaa ukikauka, na wakati wa kiangazi utaona ardhi imepasuka nyufa zinazoweza kumeza kalamu. Ukimwaga zege moja kwa moja juu yake, sakafu itapanda na kushuka kila msimu hadi ikatike. Dawa yake ni moja tu, nayo haipendwi kwa sababu ya gharama: kuchimba na kuuondoa udongo huo, kisha kujaza mawe na changarawe na kuvishindilia tabaka baada ya tabaka. Huku juu, karibu na mji wa Machakos na kwenye vilima, udongo mwingi ni mwekundu wenye mchanga na haufuri sana, lakini nao humomonyoka upesi kwenye miteremko. Mahali kama hapo shida ni mvua kupita chini ya sakafu na kuacha pango ambalo hakuna anayeliona mpaka siku sakafu itakapodidimia.

Tuchukue mfano wa kidimbwi cha wastani chenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Ukikizungushia sakafu yenye upana wa mita 2 kila upande, utapata eneo la mita 64 za mraba. Kwa zege la unene wa sentimita 10, hizo ni mita 6.4 za ujazo, ambazo kwa mchanganyiko wa kawaida wa simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne zitakula mifuko kama 40 ya kilo 50. Nataja hesabu hii ili mwenye nyumba aiweke katika bajeti tangu siku ya kwanza. Asiyeihesabu mapema atakuja kupunguza unene wa zege, au upana wa njia, na vyote viwili vina madhara. Njia ya kupitia isipungue mita 1.2 popote. Nimeona mahali pamejengwa ukingo wa nusu mita kati ya maji na ukuta, watu wakipishana hapo na sahani mikononi.

Mchanga tunao tele, na malori ya Nairobi yanalijua hilo kutuliko. Lakini mchanga wa mtoni si lazima uwe safi. Tia kiasi kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, uache utulie. Tope likijitenga juu kama tabaka nene, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Simiti haishikamani vizuri na tope, na sakafu itaanza kubanduka vumbi kabla ya mwaka kwisha.

Halafu pana suala la majira, ambalo mafundi wanalijua lakini wenye nyumba hawalitaki. Kila mtu anataka kidimbwi kiwe tayari Krismasi, kwa hiyo zege humwagwa Novemba, katikati ya mvua ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa, au humwagwa Januari na Februari chini ya jua kali linalolikausha kabla halijashika. Miezi ya Juni na Julai ndiyo bora. Mvua ya masika imekwisha, kuna baridi na mawingu, na zege hukaa na unyevu wake. Hata hivyo lifunikwe kwa magunia na kunyunyiziwa maji kwa siku 7. Ndani yake liwekwe wavu wa chuma ambao mafundi huuita BRC, na juu yake zikatwe nafasi za kutanukia kila baada ya mita 2.5 au 3 ili likipasuka lipasukie pale palipopangwa. Kati ya ukingo wa kidimbwi na sakafu iachwe nafasi nyembamba ijazwe gundi laini ya ujenzi, kwa maana kidimbwi kilichojaa maji na sakafu iliyo kavu havisogei kwa pamoja. Kidimbwi hicho cha mfano, kikiwa na kina cha wastani cha mita 1.5, kina lita 48,000. Huo ni uzito wa tani 48.

Miguu mitupu

Watu wengi huchagua sakafu ya nje kwa macho. Wanakwenda dukani, wanaona kigae kinachong'aa kama kioo, wanasema hicho hicho. Kigae cha namna hiyo kinafaa sebuleni, tena penye zulia. Kando ya maji ni mtego. Mguu mtupu uliolowa, wenye mafuta ya kujipaka, ukikanyaga kigae laini hauna chochote cha kushikilia, na anayeanguka kinyumenyume hupiga kisogo. Pigo la kisogo si la kudharauliwa hata kama mtu ameinuka na kucheka. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akilalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Wajerumani wana kipimo maalumu cha sakafu za kukanyagwa kwa miguu mitupu, chenye ngazi A, B na C. Ngazi A yafaa vyumba vya kubadilishia nguo ambavyo kwa kawaida ni vikavu, B ni ya kandokando ya kidimbwi, na C ni ya ngazi zinazoingia majini na mahali penye mteremko. Vigae vinavyoletwa kutoka nje mara nyingine huwa vimeandikwa hivyo kwenye katoni, kwa hiyo mwulize muuzaji akuonyeshe. Akishindwa, omba kigae kimoja, kimwagie maji ya sabuni, kiweke sakafuni, kivukishe mguu mtupu huku umeshika kitu. Mguu ukiteleza dukani, utateleza nyumbani.

Mwenye pesa kidogo asihuzunike. Zege la kawaida lililopigwa ufagio mgumu kabla halijakauka, likaachwa na mistari midogo midogo, ni salama kuliko vigae vingi vya bei mbaya. Kosa ni pale fundi anapotaka kuonyesha ustadi wake kwa kulipaka niru mpaka ling'ae. Mwambie ustadi huo aupeleke ndani ya nyumba. Kabro pia ni nzuri, na ina faida kwamba ardhi ikicheza unaweza kuitoa na kuipanga upya, ila yataka mchanga ulioshindiliwa vyema chini yake na ukingo wa zege wa kuizuia isitawanyike. Mawe ya Mazeras, yale mawe mapana yanayoletwa kutoka Pwani, yanapendeza na hayatelezi sana, lakini huwa na tabaka kama chapati. Chagua mazito, uyagonge kwa nyundo ndogo, na ulikatae lile lenye sauti ya mvungu, maana litabanduka na kuacha kingo za kukata miguu.

Rangi nayo ina habari yake. Jua la saa saba mchana hapa Machakos, ambapo tuko kama mita 1,600 juu ya bahari, halina mchezo. Jiwe jeusi au la kahawia iliyoiva hunasa joto hata mtoto akalia akilikanyaga. Mtoto ana bahati kwa kuwa analia na kuondoka. Ninayemhofia zaidi ni mtu mwenye ugonjwa wa kisukari cha muda mrefu ambaye mishipa ya fahamu ya miguu yake imekufa ganzi. Huyo anaweza kusimama juu ya jiwe la moto akipiga soga, asisikie kitu, na jioni akakuta malengelenge chini ya wayo. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari huchelewa kupona, na wako waliokatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kama lengelenge. Kwa hiyo chagua rangi ya maziwa au kijivu hafifu. Usichague nyeupe kabisa, maana mwanga wake hurudi machoni na kumpofusha mtu kwa muda, na mzee mwenye mtoto wa jicho hataona sakafu inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Ukingo wenyewe uwe na rangi tofauti inayoonekana wazi, na kina cha maji kiandikwe hapo kwa tarakimu kubwa za mita. Vijana hupenda kujirusha kwa kichwa, na anayejirusha penye kina cha mita moja anaweza kuvunja shingo na kupooza mikono na miguu yote kwa maisha yake yote.

Pasiwe na ngazi moja pweke katikati ya sakafu. Ngazi tatu mtu huziona, moja haionekani. Kama ardhi imeinama na lazima pawe na tofauti ya kimo, weka mteremko mpole au ngazi kamili zenye chuma cha kushikilia.

Anayetoka jikoni

Hivi majuzi rafiki mmoja aliniomba niangalie ramani ya kidimbwi chake pamoja na fundi wake. Nikauliza ua wa kukitenga uko wapi. Fundi akanitazama kwa huruma.

"Daktari, ukuta wa nje una mita tatu, na juu tumeweka nyaya za umeme. Nani ataingia?"

"Fundi, mimi simwogopi anayetoka barabarani," nikamjibu. "Namwogopa anayetoka jikoni."

Ukuta wa kiwanja humzuia mwizi. Mtoto wa nyumba tayari yumo ndani. Tafiti zilizofanywa Australia na Marekani zilionyesha kwamba ua unaokizunguka kidimbwi pande zote nne, ukikitenga na nyumba yenyewe, huzuia vifo vya watoto kuliko ua wa pande tatu ambao upande wa nne ni ukuta wa nyumba wenye mlango. Sababu yake ni rahisi. Mlango wa nyumba hufunguliwa mara mia kwa siku, na mara moja utasahauliwa. New Zealand iliona jambo hili ni zito kiasi cha kutunga sheria ya nyua za vidimbwi mwaka 1987.

Fikiria Desemba katika nyumba ya Ukambani. Watoto na wajukuu wote wamekuja. Magari sita yamejaa uani, mbuzi amechinjwa, muthokoi iko jikoni, muziki unalia. Kuna watu wazima ishirini kando ya kidimbwi na kila mmoja anaamini kwamba mwingine anawaangalia watoto. Mama anadhani mtoto yuko kwa susu, naye susu, yaani nyanya, anadhani mtoto yuko kwa mama. Mtoto wa mjini aliyezoea kidimbwi na binamu yake kutoka kijijini ambaye hajapata kukiona wanacheza pamoja. Anayezama hapigi kelele kama tunavyoona kwenye sinema. Mtoto mdogo hutumbukia kimya, na maji yakishamfunika mdomo hana pumzi ya kulia. Dakika chache za ubongo kukosa hewa zinatosha kumwua au kumwachia ulemavu wa kudumu.

Ua uwe na kimo kisichopungua mita 1.2. Nafasi kati ya fito zisizidi sentimita 10, wala chini usiache pengo ambalo mtoto aweza kupenya kwa tumbo. Fito ziwe za kusimama, maana za kulala ni ngazi. Lango lifungukie nje, mbali na maji, lijirudishe lenyewe na kujifunga lenyewe, na komeo liwe juu, kama mita 1.5 kutoka chini, ambapo mkono wa mtoto haufiki. Viti, mitungi ya maua na meza visikae karibu na ua kwa umbali wa sentimita 90, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu ni mhandisi na atasukuma kiti. Ua wa miti uliopandwa hautoshi hata ukiwa mnene. Turubai la kufunika maji nalo si kinga. Mtoto akikanyaga juu yake huzama pamoja nalo, na wanaotafuta hawamwoni.

Wengi hulalamika kwamba ua unaharibu sura ya mahali. Nakubali kwamba unaziba mandhari kidogo. Ndiyo maana nasema uchorwe katika ramani tangu mwanzo, pamoja na sakafu, ili mashimo ya nguzo yaachwe wakati zege linamwagwa na mchoraji apate nafasi ya kuupendezesha. Ua unaoongezwa baadaye huwa mbaya kweli, na mara nyingi hauongezwi kamwe.

Umeme nao ni wa kupanga mapema. Kanuni za kimataifa za umeme hulitenga eneo la mita 2 kutoka ukingoni, kisha mita 1.5 nyingine, na soketi za kawaida hutakiwa kuwa nje ya eneo hilo lote, yaani mita 3.5 kutoka majini. Volti 240 na mtu aliyelowa aliyesimama bila viatu ni mambo yasiyokutana. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na nyaya zote za nje zipitie swichi ile inayokata umeme yenyewe mara tu unapovuja. Ule waya mrefu unaovutwa kutoka sebuleni kupeleka redio kando ya kidimbwi uachwe sebuleni. Ramani ipitishwe na serikali ya kaunti, na mkandarasi awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Fundi wa umeme naye awe na leseni.

Maji yaliyotuama

Sakafu iinamie nje, mbali na kidimbwi, kwa sentimita 2 katika kila mita. Kwa upana wa mita 2, ukingo wa nje utakuwa chini kwa sentimita 4, na jicho halitaona tofauti hiyo ila maji yataijua. Fundi aipime kwa pimamaji mbele yako. Sakafu ikiinamia ndani, kila mvua itakuoshea kidimbwini vumbi, kinyesi cha mbuzi na cha njiwa, na klorini yako yote itaishia kupigana na uchafu huo badala ya kuua vijidudu. Watoto wataharisha, wataumwa masikio, na lawama zitaenda kwa pilau.

Mtaro wa kupokea maji hayo uwe na mwisho. Nimeona mitaro mizuri inayoishia kwenye shimo lenye maji ya kijani mwaka mzima, makao ya mbu na konokono. Kwa Machakos habari ya konokono si ndogo. Kichocho cha tumbo kimesumbua sehemu za kaunti hii kwa miaka mingi, na watafiti walifanya kazi kubwa juu yake pande za Kangundo. Vimelea vyake hutoka ndani ya konokono wa maji matamu na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Klorini iliyopimwa sawasawa huviua. Hatari iko kwa mwenye kidimbwi anayekijaza kwa bauza lililochota maji mtoni au silangani, na watoto wakaruka ndani siku hiyo hiyo. Maji yakae siku mbili kamili bila mtu kuingia, kwani vimelea hivyo haviishi zaidi ya hapo bila kupata mwili, yatiwe dawa, yapimwe, ndipo watu waogelee.

Mahali penye unyevu wa kudumu kwenye sakafu, hasa pembe isiyopata jua karibu na bafu la nje, huota ukungu wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, na ndipo watu huambukizana fangasi za vidoleni. Pasuguliwe kila wiki. Mjakaranda usipandwe karibu. Mizizi yake huinua zege, na maua yake ya Septemba hadi Novemba yakilowa ni kama maganda ya ndizi. Kivuli kitafutwe kwa paa la makuti au turubai. Na kwa kuwa hii ni nchi ya asali, ujue kwamba wakati wa kiangazi nyuki watakuja kunywa maji ukingoni. Watoe karai la maji lenye mawe madogo mbali na watu, na lisikauke, nao wengi wataelekea huko.

Klorini na asidi ya kidimbwi zihifadhiwe katika stoo yenye hewa na kufuli, kila moja peke yake. Zikichanganyika hutoa gesi inayochoma mapafu.

Akitolewa majini

Jambo la mwisho la kuwekwa kwenye ramani ni nafasi. Karibu na sehemu yenye kina kirefu paachwe eneo tambarare la mita 2 kwa 2, bila kiti, bila jiko la kuchomea nyama, ambapo mtu anaweza kulazwa chali na wengine wawili wakapiga magoti kandoni. Kwenye ua hapo hapo pafungwe mti mrefu mwepesi wa kumfikia anayezama, na boya lenye kamba, ili asiyejua kuogelea asilazimike kuruka ndani na kuwa wa pili.

Aliyetolewa majini asining'inizwe kichwa chini wala asibonyezwe tumbo ili "atapike maji". Kufanya hivyo kunapoteza dakika, na kunaweza kupeleka matapishi mapafuni. Mmoja apige simu 999 au 112 wakati wengine wanashughulika. Mlaze chali, inua kidevu, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mzibe pua na umpulizie mdomoni pumzi 5 hadi uone kifua kinainuka. Mtoto mchanga funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kama mara mbili kwa sekunde, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuchoka mpaka apumue au msaada ufike. Kwa mtoto mdogo tumia kiganja kimoja, kwa mchanga vidole gumba viwili huku mikono imekizunguka kifua chake. Kama alijirusha kwa kichwa, shingo yake isigeuzwegeuzwe. Mshike kichwa na mwili kwa mstari mmoja mnapomtoa.

Akizinduka, akakohoa, akaomba soda na kutaka kurudi kucheza, bado apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuanza kuvimba saa kadhaa baadaye, na huko atawekwa chini ya uangalizi na kupewa oksijeni iwapo pumzi itambana.